Mswaki wa umeme kichanjani kwa Ssenga

Harufu niliisikia mimi wa mwisho. Mke wangu aliisikia wiki nzima akidhani ni bomba la sinki. Akamwaga magadi, akamwaga maji ya moto, harufu ipo pale pale. Binti yetu wa miaka 9 ndiye aliyeingia bafuni asubuhi moja ya Novemba 2024, akanusa miswaki yetu mmoja mmoja kama paka anayechagua samaki, kisha akatoka na mmoja ameushika kwa vidole viwili.

"Baba, ni huu wako."

Nikautazama juu na chini. Nyuzi zake nyeupe, mpini unang'aa. Nikamwambia hauna kitu. Akaniambia, "Chomoa kichwa."

Tangu nikipachike kichwa kile mwezi Juni sikuwahi kukichomoa. Wala haikunijia kwamba kuna siku mtu hukichomoa. Nikakivuta, kikatoka kwa mlio mdogo wa kunata, na hapo nikaona nilichokuwa nikikitia kinywani mara 2 kwa siku kwa miezi mitano. Kile kijiti cha chuma kinachotoka kwenye mpini kilikuwa kimezungukwa na kitu kama masizi yaliyolowa. Chini ya kichwa kuna kipete cha buluu, cha kumjulisha mtu kichwa chake pale mpini mmoja unapotumiwa na watu wawili. Chini ya kipete hicho kulikuwa na ute mweusi mnene, na tundu la ndani limepakwa utando, mahali mweusi, mahali wa rangi ya waridi. Nikakigonga kichwa ukingoni mwa sinki. Likadondoka tone la maji ya kahawia.

Binti akaniuliza kama nitatapika. Nilikuwa nalifikiria hilo.

Niseme kwanza mswaki huo ulivyonifikia, maana hapa Ggaba, mtaa wa Kampala ulio kando ya Ziwa Victoria, ni watu wachache walio nao. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nilikuja Kampala kusoma, nikaoa, nikabaki nafundisha Kiswahili. Mwanzoni mwa 2024 gego liliniuma hadi nikaenda kwa daktari wa meno, na alipomaliza la gego akanipa kioo nijionee fizi zangu zilivyorudi nyuma na kuacha mashina ya meno wazi. "Mwalimu," akasema, "wewe husugui meno, unasugua sufuria." Alisema kweli. Nimekulia mswaki wa mti, ule unaoutafuna ncha mpaka uchanue, na mkono niliouzoeza kwenye mti nikauhamishia kwenye plastiki bila kuupunguza nguvu. Akanishauri nijifunze kulegeza mkono, au nitafute mswaki wa umeme ambao taa yake huwaka ukikandamiza kupita kiasi. Dada yangu anayeishi Leicester alikuwa anakuja likizo. Nikamwagiza.

Ukaja na vituko vyake. Soketi za ukutani za Uingereza na za Uganda ni namna moja, pini tatu bapa, lakini plagi ya chaja hii ilikuwa ya pini mbili za mviringo, ile ya mashine za kunyolea katika bafu za huko. Nikanunua adapta mjini. Halafu bafu letu halina soketi, kama bafu nyingi za nyumba za kupanga hapa, kwa hiyo kitako cha kuchajia kikapewa makao sebuleni kando ya televisheni, na kila mgeni akakiulizia. Nikijibu kuwa ni mswaki wa umeme, watu hucheka. Tangu 2005 kampuni iliyokuwa ikisambaza stima nchini iliitwa Umeme, basi mtu wa Kampala akisikia neno hilo anafikiria nguzo, bili na mafundi wenye ngazi. Jirani mmoja aliniuliza, uso mkavu kabisa, kama mswaki huo nao una mita yake ya Yaka, ile ya kulipia stima kabla ya kuitumia.

Nilivumilia utani kwa sababu mswaki wenyewe ulifanya kazi. Fizi zilipoa, ukoga wa nyuma ya meno ya chini ukapungua. Nikaanza kuwahubiria walimu wenzangu. Nyani haoni kundule, wala hanusi.

Baada ya siku ile nilikaa chini nikafikiri uchafu ule uliingiaje, kwa kuwa mswaki niliusuuza kila mara. Nilikuwa nasuuza nyuzi. Nyuzi hazikuwa na shida. Kichwa cha mswaki wa namna hii hakiwezi kuubana mpini kabisa, lazima ibaki nafasi kidogo ili kitetemeke, na povu la dawa ya meno lililochanganyika na mate na mabaki ya chakula huteremka shingoni na kupenya humo. Ukiuzima na kuusimamisha wima, kilichopenya hakina pa kutokea. Kinakaa. Kinywa cha binadamu kina bakteria wa kila namna, aina zaidi ya 700 zimekwisha kutambuliwa, na hao wote wameshushwa pamoja na chakula chao kwenye tundu lenye giza na unyevu. Ule utando wa waridi ni jamaa mmoja na ule unaouona kwenye vigae vya bafu na kwenye pazia la kuogea. Mara nyingi ni bakteria aitwaye Serratia marcescens. Ule mweusi ni ukungu, na mbegu zake hazihitaji mtu wa kuzileta, zimo hewani.

Na mahali penyewe ni Ggaba. Ziwa liko mita mia chache kutoka mlangoni. Mvua za Machi hadi Mei, kisha za Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba, hutuwekea unyevu ambao hata Mombasa sikuuona ukikaa ndani ya nyumba namna hii. Kule upepo wa bahari unapita. Hapa unyevu unaingia kabatini na kulala. Mkanda wangu wa ngozi huota ukungu mweupe nisipouvaa wiki mbili. Bafu letu halina dirisha, lina matundu manne ya matofali juu, na moja kati ya hayo lina kiota.

Juu ya yote hayo, mimi mwenyewe niliufunika. Dada alileta kile kifuniko cha plastiki cha safarini, na kwa kuwa tuna mende wasiojali dawa, nikawa nakifunika kichwa kila usiku kikiwa bado kimelowa. Nilijiona nimepiga hatua katika usafi. Baadaye nilisoma kwamba Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kinawaambia watu kinyume chake: usuuze, uusimamishe, uuache ukauke hewani, usiufungie kwenye chombo kilichozibwa. Mende nilimzuia, ukungu nikamtandikia kitanda.

Basi nikaanza kutibu, na hapa ndipo nilipofanya ujinga mwingi kwa muda mfupi.

Kwanza nilikichemsha. Mama yangu alichemsha chuchu za chupa za watoto, basi nikaona ni njia iliyojaribiwa. Nikakitumbukiza kichwa kwenye sufuria ndogo inayotokota, nikahesabu dakika tano. Kampala iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,200, maji hapa huchemka yakiwa karibu nyuzijoto 96 badala ya 100, lakini hizo 96 zilitosha kabisa. Nailoni ikalegea. Kichwa kilitoka nyuzi zote zimelala upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe, na nilipokirudisha kwenye mpini kikawa kinacheza. Nikakitupa. Bei ya kichwa kimoja hapa mjini inatosha kununulia nyumba yetu nzima miswaki ya kawaida, na bado vikabaki vya chapati.

Nikatoa kichwa cha pili kutoka kwenye pakiti na kuapa kukilinda kwa jiki. Matone machache ndani ya kikombe cha maji, kichwa humo usiku kucha. Asubuhi kilinuka bwawa la kuogelea, na dawa ya meno ikawa na ladha ya chuma. Kwa kuwa ilinikera harufu ile, Jumapili moja nilichukua kikombe kilekile chenye maji ya jiki, na safari hii nilikuwa nimekoleza, nikakimiminia siki. Siki inakata harufu, kila mpishi anajua.

Sikupata hata nafasi ya kukiweka kikombe chini. Kikatoa mvuke uliopanda moja kwa moja puani, macho yakajaa machozi, kifua kikajifunga kama mtu amenikalia. Nilitoka bafuni kwa magoti. Mke wangu akafungua milango yote, akanikalisha barazani, akarudi na kitambaa puani kukimwagia maji kikombe kile kutoka mbali. Jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini. Imeandikwa kwenye chupa ya jiki, upande wa nyuma, kwa herufi ndogo ambazo mwalimu wa lugha alipaswa kuzisoma. Ilikuwa bafu isiyo na dirisha. Nilikohoa siku mbili, na kwa kweli nilikuwa na bahati.

Ujinga wa tatu nitaupitia haraka: nilitumia pini ya nguo kuchokonoa uchafu kuzunguka kile kijiti cha chuma, palipo na mpira mweusi. Tutarudi kwenye pini.

Katikati ya Novemba hiyo akaja Ssenga. Kwa msomaji asiyeijua Buganda: ssenga ni shangazi wa mke, dada ya baba yake, na ndiye mwenye ruhusa ya kusema yasiyosemwa. Mama mkwe una mipaka naye, humkaribii, hamshikani mikono, mnasalimiana kwa mbali. Ssenga hana mpaka. Alitoka Mpigi kuja kutibiwa macho, akakaa kwetu wiki mbili, na siku ya pili tu alikwisha kukagua nyumba nzima na macho hayohayo mabovu.

Kiswahili chake ni cha miaka ya 70, cha vizuizi vya barabarani. Waganda wengi wa umri wake walikipatia huko, kwa askari: simama, fungua buti, kitambulisho wapi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kwa watu hawa kilibaki lugha ya mtu mwenye bunduki, na mimi kukifundisha kwa mshahara ni jambo ambalo Ssenga hulisikitikia kwa upole. Hata hivyo maneno ya kunisema nayo hayajawahi kumpungukia.

Alinikuta bafuni nakisugua kichwa kwa kijiti cha pamba. Akasimama mlangoni.

"Mwalimu. Wewe naosha sahani, naweka wapi? Ndani ya maji?"

"Hapana, Ssenga."

"Naweka wapi?"

"Kichanjani."

"Ehe." Akakinyanyua kikombe chetu cha miswaki, akakiinamisha sinkini. Yakatoka maji, nusu kidole hivi, ya rangi ya chai ya rangi, na juu yake unaelea utando. "Mswaki nasimama ndani ya maji kila siku. Hii maji ya nani? Ya watu wanne. Wewe naleta dawa, naleta dawa. Maji iko."

Miaka yote ile sikuwahi kukiinamisha kikombe kile. Miswaki ya watu wanne ikichuruzika humo kila siku, na mimi nahangaika na kichwa kimoja.

Alimwita binti wakaenda nyuma ya nyumba. Huko kwao, karibu kila uwanja una akatandaalo, kichanja cha vyombo cha miti au matete, kimeinuliwa kutoka ardhini ili kuku na mbwa wasikifikie na jua likifikie. Maofisa wa afya wakizunguka vijijini hukihesabu pamoja na choo, shimo la taka na mahali pa kuogea. Ssenga amekuwa nacho tangu aolewe. Alichotutengenezea sisi kilikuwa cha kuchezea mtoto, urefu wa mkono hadi kiwiko: matete yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, yametundikwa kwenye nondo za dirisha la varanda ya nyuma, ambako jua hupiga toka asubuhi hadi kwenye saa tano. Matete mawili ya juu aliyaachanisha upana wa kidole. Akachukua kichwa cha mswaki wangu, akakipitisha shingo katikati ya matete hayo. Kikaning'inia kwa sehemu yake pana, nyuzi juu, tundu likiangalia chini.

Tone likadondoka. Baada ya muda jingine. Akakaa akiyatazama matone yale kama mtu anayengoja chai ichujike, kisha akafunika kichanja kwa kipande cha chandarua chakavu kwa ajili ya nzi na mijusi, akaenda kulala.

Saa tisa alasiri nilikishika kichwa kile. Kilikuwa kikavu hadi ndani. Niliingiza kijiti cha pamba kwenye tundu kikatoka cheupe na kikavu, jambo ambalo jiki, siki na sufuria hazikulifanya kwa wiki tatu. Dawa zangu hazikuwa zimeshindwa kuua. Zilikuwa zinaua ukungu Jumapili, na mimi nikiupandikiza upya Jumatatu asubuhi kwa kurudisha kichwa kilicholowa juu ya mpini uliolowa, ndani ya bafu lililolowa. Nakumbuka nilisimama varandani nikaufikiria mswaki wa mti wa utotoni. Ule huukatia ncha iliyochakaa, unaanza upya kwenye ubao mbichi, wala hauna ndani. Huu una ndani.

Tangu hapo desturi yangu imekuwa hii, na hainichukui hata dakika mbili. Nikimaliza kupiga mswaki nauacha ukiendelea kutetemeka chini ya bomba sekunde chache, usukume povu lililo kwenye nyuzi. Nauzima, nachomoa kichwa, naelekeza tundu lake kwenye maji mpaka yatoke meupe. Naukung'uta mkono kama mtu anayetoa maji kwenye chupa. Kile kipete cha buluu nilikivua na kukitupa. Mke wangu ana mswaki wake wa kawaida, kichwa hatuchanganyi. Mpini nausuuza shingoni na kuupangusa kwa kitambaa cha fulana kuukuu, nikizungusha pale kijiti kinapotoka, na hauingii tena bafuni kulala: unakaa kwenye rafu chumbani. Kichwa kinakwenda kichanjani. Mpini siuanikii jua, maana una betri, na betri haipendi joto. Kifuniko cha safarini kinatumika safarini, nacho nimekitoboa matundu kwa msumari wa moto.

Dawa sijaiacha kabisa. Mara 1 kwa wiki nakiloweka kichwa dakika kumi kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa yenye chupa ya kahawia. Rangi hiyo si pambo, mwanga huivunja dawa ikabaki maji matupu, kwa hiyo usiihamishie kwenye chupa nyeupe. Baada ya hapo nasuuza vizuri. Siki peke yake nayo inafaa, hasa kwa ule ukoko mweupe wa dawa ya meno. Jiki imerudi kwenye nguo na sakafu. Na kila miezi 3 kichwa kinatupwa hata kama nyuzi bado zimesimama. Tarehe anaiandika binti kwenye kalenda ya jikoni, na kwa jambo hili hana huruma.

Ilinitatiza siku za mvua mfululizo, jua halionekani toka Jumatatu hadi Alhamisi, na kichwa cha usiku kinakutwa na asubuhi bado kibichi. Suluhisho lilikuwa rahisi na la gharama: vichwa viwili kwa zamu, kimoja cha asubuhi na kimoja cha usiku. Kila kimoja kinapata siku nzima ya kupumzika, na hewa ya varandani inatosha kukikausha hata bila jua. Vilevile vinachakaa polepole, kwa hiyo mwisho wa hesabu sijapoteza sana. Niliwahi kujaribu vichwa vya bei nafuu vinavyouzwa mjini bila jina. Vingine ni sawa, lakini nilivyopata mimi vilikuwa vinacheza kwenye kijiti, na palipo na nafasi ndipo uchafu unapohamia. Kabla ya kulipa sasa naomba kukipachika dukani. Wauzaji hawapendi.

Sasa ile pini. Januari chaja ilianza kuwaka na kuzima, na chini ya kitako, juu ya kabati la televisheni, nikakuta kidimbwi kilichoganda, rangi ya kahawia, kimeacha alama kwenye mbao ambayo mke wangu hunionyesha hadi leo. Miezi yote nilikuwa naupeleka mpini sebuleni ukichuruzika na kuusimamisha pale. Nikajua nimeuua. Nikaupeleka kwa fundi wa simu katikati ya mji, kijana mwenye lenzi jichoni, akaugeuza mara mbili.

"Mzee, hii haina pa kuingilia maji. Unaona chini? Hakuna chuma." Akanieleza kwamba kitako kina koili na mpini una koili, stima inapita kati yao bila waya kugusana, ndiyo maana waliweza kuuziba mpini wote. Maji yale hayakuwa na kosa zaidi ya uchafu. Ningeyapangusa tu, kitako kikiwa kimechomolewa ukutani. Kilichokuwa kinakatakata ni adapta yangu ya mjini iliyolegea. Kisha akageuza upande wa juu, akasogeza lenzi. "Hapa sasa. Hapa nani amechoma?"

Ule mpira mweusi kuzunguka kijiti ndio pekee unaouzuia mpini kunywa maji, nami nilikuwa nimeutoboa matundu mawili kwa pini katika kutafuta usafi. Hakuwa na mpira wa kubadilisha. Alipaka kitu chake kama gundi ya silikoni, akasema itashika ikipenda. Imeshika mpaka sasa. Kijiti cha pamba au mswaki wa zamani wa mtoto ndivyo vinavyopita pale. Cha ncha kali, hapana.

Kwa daktari wa meno nilirudi Februari na kumkiri yote, pamoja na kisa cha siki. Alicheka mpaka akavua barakoa. Nilimuuliza ninachostahili kuogopa. Akasema mtu mwenye afya njema kwa kawaida kinywa chake kinajipigania, na kwamba hata mswaki uliotunzwa vizuri una bakteria. Anayepaswa kuwa na hofu zaidi ni mtu mwenye kinga iliyodhoofika, au mwenye kidonda kinywani. Fizi zangu zilikuwa zimetulia. Akauliza kichanja kile kinatengenezwaje, nikamchorea nyuma ya risiti yake.

Aprili 2025, katikati ya mvua, Ssenga akapiga simu. Macho yamepona, anaona mpaka asivyotaka kuviona. Aliwasalimia wote kwa majina, kuku wa jirani pia, kisha akaomba nipewe simu.

"Mwalimu, ule mswaki wa Umeme, bado naanika?"

"Tunauanika, Ssenga. Kila siku."

"Nasikia kwa redio, Umeme nakwenda. Mkataba naisha, serikali nachukua."

"Ndiyo, Ssenga. Mwezi uliopita."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia mvua ikigonga bati la Mpigi.

"Sasa mswaki," akasema, "nalipa kwa nani?"